Stampede au Granite? Monster truck ya rimoti ipi inavumilia mawe na vumbi la Mbeya

MwanaIlomba:

Habari za humu wakuu, shikamooni wakubwa. Nipo Mbeya hapa Ilomba, nina kijana wangu wa miaka 12 na kusema ukweli hata mimi mwenyewe nishanogewa, tunataka gari ya rimoti ya umeme, zile monster truck zenye matairi makubwa, sio za kuchezea sebuleni. Mwaka jana nilichukua moja Kariakoo, ndogo ya 1/16 (yaani saizi yake ukilinganisha na gari halisi), muuzaji akaniapia kabisa kwamba hii hata uitupe toka ghorofani haivunjiki. Nimefika nayo huku siku ya tatu imegonga kona ya kibaraza, kile kikombe cha plastiki kinachoshika propela ya mbele kikapasuka, nampigia jamaa ananiambia spea hana ninunue gari nyingine. Gari nyingine! Kwa kikombe cha ukubwa wa punje ya hindi. Ipo juu ya kabati mpaka leo.

Sasa hivi naumiza kichwa na mbili. Moja ni Traxxas Stampede ya kawaida, 1/10, inasukuma nyuma tu, mota ya brashi, ni mtumba, kuna jamaa wa mtaa wa Forest hapa hapa Mbeya anaiuza pamoja na batri mbili za lipo (lithiamu polima). Ya pili Arrma Granite 3S (3S ni batri ya seli tatu), mpya, 4x4, mota brashilesi yaani isiyo na brashi, shemeji yangu yupo Marekani anashuka mwezi wa kumi na mbili anaweza kunibebea ila bei yake ukiilinganisha na hiyo Stampede ni kama mara tatu.

Tunapochezea ni uwanja wa mpira wa mtaani, vumbi jekundu, kokoto, mifereji iliyochimbwa na mvua, na kwa pembeni kuna mteremko ambao kijana ameshaupigia hesabu ya kurukia. Nachotaka kujua ni ipi inavumilia na ipi haipinduki ovyo. Mitandaoni naona Wamarekani wanaruka kwenye nyasi laini, huku kwetu hamna hiyo kitu.


KijanaSoweto:

Chukua X-Maxx mkuu, ile monster kubwa ya Traxxas, hayo mengine midoli 😂


MwanaIlomba:

Bei yake nimeiona kaka, hapo nauza na pikipiki.


FundiRimoti_Ipogolo:

Kamwene ndugu zangu. Mimi nipo Iringa, natengeneza redio na simu, hizi gari zimeniingia kama ugonjwa tu. X-Maxx muache kwanza, ile kitu ina zaidi ya kilo 8, inakula lipo mbili za 4S kwa mpigo, ikimgonga mtoto mguuni mnaenda wote hospitali.

Tuje kwenye swali lako. Stampede nimeshika nne mpaka sasa, moja yangu tatu za watu. Sifa yake kubwa ni kwamba haina vitu vingi. Haina difu ya mbele, haina propela ya kati, gia zote zipo kwenye boksi moja nyuma, mbele ni wishboni na stelingi basi. Kitu ambacho hakipo hakivunjiki. Zote nne zimevunjika sehemu zile zile, wishboni za mbele na ile nakoli inayoshika tairi ya mbele, kwasababu dereva akikosea kinachotangulia ukutani ni tairi ya mbele. Ukiwa na wishboni mbili za akiba na pini zake mwaka unaisha.

Mota yake hiyo ya Titan ni saizi ya 550. Sasa sikiliza vizuri. Drili nyingi za kuchaji ndani yake kuna mota saizi hiyo hiyo 550, ekseli yake milimita 3 na kitu na matundu ya bolti yanakaa sawa. Mimi ya kwangu ilivyoungua nilienda kwa fundi seremala Mlandege nikamkuta na drili mbovu ya chaji, switi imekufa mota nzima, nikampa elfu tano. Kazi ilikuwa kuchomoa ile gia ndogo ya drili maana imepigwa kwa presha, nimebana na vaisi nikagonga taratibu na msumari uliokatwa kichwa. Kwakuwa mota ya drili imeundwa kwa volti kubwa zaidi, kwa lipo ya 2S inakimbia polepole kuliko Titan, lakini inakimbia. Brashilesi ikiungua unasubiri shemeji.

Kingine hicho ambacho hakuna atakayekwambia na muuzaji ndo kabisa. ESC, yaani kile kidhibiti mwendo kati ya batri na mota, ya Stampede hiyo inaitwa XL-5, ina sehemu ya kulinda lipo isiishe kupita kiasi. Ukiiwasha angalia taa, ikiwa kijani ulinzi upo, ikiwa nyekundu ulinzi haupo, imewekwa kwa ajili ya batri za zamani za NiMH. Mimi lipo yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo, taa nyekundu naiona kila siku najua ndo rangi yake, gari ikawa inakimbia mpaka inakata yenyewe nikifurahi batri inakaa sana. Siku ya nne imevimba kama andazi.


MzeeChumaNiChuma:

Mie ushauri wangu ni mmoja, nunua yoyote afu toa plastiki zote weka aluminiamu. Wishboni aluminiamu, nakoli aluminiamu, taua ya shokapu aluminiamu. Zipo online zinang'aa vizuri sana na ndo mwisho wa kuvunjika.


FundiRimoti_Ipogolo:

Mzee wangu heshima yako lakini hapana. Plastiki ya wishboni ni nailoni, ikigonga jiwe inapinda inarudi, nguvu inaishia pale pale. Aluminiamu haipindi ikarudi, inapinda ikabaki, na kama haikupinda basi ile nguvu inapita inaenda kwa jirani yake, unakuta wishboni nzima inang'aa afu chesi ndo imeng'oka matundu ya bolti. Wishboni unabadilisha dakika 15, chesi unafungua gari nzima. Nililetewa Stampede ya hivyo, kijana kaipamba mbele yote kwa aluminiamu ya bluu, chesi imechanika palepale inaposhika pini. Kama una hela ya kupamba chukua wishboni za kampuni ya RPM, nazo ni plastiki ila ngumu kuchanika kuliko za kiwandani.

Sehemu ya aluminiamu inayolipa ni heksi ya tairi, kile kipande cha pembe sita kinachozungusha rimu, basi. Za plastiki zinaliwa zinakuwa duara.


MzeeChumaNiChuma:

Sawa fundi. Mimi yangu haijachanika lakini na mimi siruki ruki, nina miaka 58.


Uyole_4x4:

Wakuu nimechelewa, nina Granite 3S mwaka wa pili huu, nipo Uyole. Nitasema mazuri na mabaya.

Kwanza kuendesha. Mtu aliyetoka kwenye 2WD akishika 4x4 atacheka mwenyewe. Stampede ukiingia kona umekanyaga moto pua inanyanyuka, tairi za mbele hazigusi chini, unakata stelingi gari inaenda moja kwa moja mpaka kwenye michongoma. Inabidi uachie kwanza, pua ishuke, ukate, ndo ukanyage tena. Ukifunga breki nazo zinashika nyuma tu, kwahiyo kwenye vumbi inageuka inakuangalia wewe. Granite unakanyaga hapo hapo ndani ya kona na tairi za mbele zinakuvuta utoke. Kwenye mifereji kama hiyo unayosema 4x4 inapanda inatoka, 2WD tairi moja ikining'inia hewani difu inapeleka nguvu yote kwenye hiyo inayoning'inia, nyingine imekaa tu kama mgeni.

Kupinduka sasa. Monster truck zote zinapinduka, ndo umbo lake, tairi kubwa na tumbo lipo juu. Ila watu wanaogopa vumbi bure. Kwenye vumbi tairi zinateleza kabla gari haijafikia kubiringika. Kwenye lami zinang'ang'ania, hapo kata kona kwa spidi uone, inabingirika mpaka bodi inakuwa nyeupe. Yangu imepinduka mara nyingi zaidi kwenye lami ya dakika kumi kuliko vumbi la wiki nzima.

Mabaya. Hii gari kwa batri ya 3S kiwanda kinasema inapita maili 50 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 80. Kilomita 80 kwa kitu cha kilo mbili na kitu, afu kijana wa miaka 12, afu jiwe. Kinachovunja gari sio ubovu wa gari ni hiyo spidi. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa natumia 3S tu, nikala gia kubwa mara mbili, nikavunja wishboni ya nyuma, sevo (kimota cha stelingi) ikachanika meno. Nikahamia 2S kwa wiki za kawaida na tangu hapo nimebadilisha beringi tu. Kwahiyo kama utachukua Granite mpe dogo 2S, hiyo 3S ifungie kabatini na ufunguo ukae nao wewe mwenyewe.

Na zile gia mara mbili kosa lilikuwa langu. Mota nimeisogeza karibu sana na gia kubwa. Fanya hivi, kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya gia mbili, bana mota mpaka karatasi ishikwe, funga bolti, zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa kunjwa kama bati la kuezekea bila kuchanika ndo saizi yake. Ikichanika umebana, ikitoka bapa umelegeza.

Kuruka pia kuna siri. Ikiwa hewani ukikanyaga moto pua inapanda, ukigusa breki pua inashuka. Kijana akijua hilo tu ameokoa bampa tatu. Na asitue amekanyaga moto mpaka mwisho, tairi zinazunguka kwa kasi zikigusa ardhi zinasimama ghafla, hiyo shoku yote inaenda kwenye difu.


KijanaSoweto:

Sasa hapo ndo umeelezea, mimi nilikuwa nakanyaga mpaka chini 😂 kumbe


DadaTukuyu:

Naomba na mie nichangie japo sina hata moja kati ya hizo mbili. Nina duka la vifaa vya sola Tukuyu na kuna Stampede 4x4 ya mdogo wangu aliyeiacha alipoenda chuo, nimebaki nayo mie na wanangu.

Huku kwetu mvua mnaijua. ESC na sevo zinavumilia maji, hilo kweli, tumepita nayo kwenye madimbwi mpaka bodi haionekani. Lakini watu wakisikia inavumilia maji wanadhani gari nzima. Beringi ni chuma. Mara ya kwanza tuliirudisha ndani imelowa tukaiacha chini ya meza, baada ya siku kama tano tairi ya nyuma inalia kama mlango wa ghala. Siku hizi tukitoka kwenye matope nainyanyua hewani nakanyaga moto kidogo tairi zizunguke maji yatoke, naifuta, naiweka karibu na jiko la mkaa lakini sio juu yake jamani, asubuhi natia tone la oili ya cherehani kwenye kila beringi. Za kwetu nyingi ni 5 kwa 11 kwa 4, nimeandika ukutani dukani, ukinunua nunua zenye mpira wa pembeni sio za bati.

Na tairi zina sponji ndani. Maji yakiingia kupitia vitundu vya rimu hayatoki, gari inakuwa nzito upande mmoja inayumba. Nimetoboa tundu dogo katikati ya tairi kwa msumari wa moto, maji yanarushwa nje yenyewe inapokimbia.

Kaka MwanaIlomba kuhusu ile ya juu ya kabati, kikombe kile usikitupe, nitumie picha na vipimo. Wanangu wameshaunga kimoja kwa waya mwembamba wa kufungia na gundi ya viatu, kimeenda mwezi mzima.


MwanaIlomba:

Dada asante sana Mungu akubariki, nakutumia jioni picha. Oili ya cherehani sikuwahi kuwaza.

Swali la nyongeza. Kuna mtu hapa kazini ananiambia nichukue ya injini, ile ya mafuta, kwamba umeme hauna nguvu huku milimani?


FundiRimoti_Ipogolo:

Huyo mtu amegeuza 😂. Injini inahitaji hewa. Mbeya upo mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, ile injini ndogo inapoteza nguvu na itabidi uichezee kabureta kila ukishuka Dar ukapanda tena. Mota ya umeme haivuti hewa, nguvu yake ni ile ile Bagamoyo na Njombe. Kinachopungua kidogo ni kupoa kwasababu hewa nyepesi inabeba joto kidogo, lakini baridi ya huku inafidia.

Ila baridi yenyewe ina lake. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi hapo kwenu inashuka chini ya nyuzi 10, nailoni inakuwa kavu ngumu, jiwe lile lile lililopindisha wishboni mchana asubuhi linaikata. Lipo nayo ikiwa ya baridi inakosa nguvu. Batri mimi naiweka mfuko wa ndani wa koti njiani kwenda uwanjani. Na wishboni mpya nachemsha kwenye maji dakika 15 hivi kabla ya kufunga, nailoni inakunywa maji inalainika. Mke wangu alikuta sufuria ya chai ina wishboni nne za gari, tumenunua sufuria nyingine.


MwanaIlomba:

Hahaha fundi. Haya wakuu, naegemea Stampede kwa sasa, Granite nitaongea na shemeji mbele ya safari. Jumamosi naenda kuiona huko Forest. Niangalie nini?


Uyole_4x4:

Ikichukuliwa Stampede sina ubaya nayo ila utanikumbuka kwenye ule mfereji.

Kuangalia: shika tairi moja moja itikise juu chini na kushoto kulia, ikicheza sana pini zimeliwa au beringi zimekufa. Zungusha tairi za nyuma kwa mkono gari ikiwa imezimwa, sikiliza, sauti ya kusaga saga ni difu. Geuza tumbo juu uangalie chesi pembeni ya bolti za mbele kama kuna ufa, ufa mwembamba unaonekana ukiikunja kidogo. Waambie waiendeshe dakika tano mfululizo afu uguse mota kwa kidole, kama huwezi kuacha kidole hata sekunde mbili basi ama brashi zimeisha ama ile gia ndogo ya kwenye mota wameweka yenye meno mengi kuliko inavyotakiwa.

Batri zipime kila seli. Lipo ikijaa seli moja ni 4.2, ukipewa ya 2S moja inasoma 4.2 nyingine 3.6 hiyo iache huko huko. Iliyovimba hata bure usichukue.


DadaTukuyu:

Na uliza chaja. Watu wanauza gari na lipo afu chaja ni ile ya NiMH. Na usichaji ukalala, mie yangu nachajia ndani ya chungu sakafuni.


MwanaIlomba:

Mrejesho wakuu. Nimeichukua. Taa ilikuwa nyekundu!! Nilivyomwambia jamaa abadilishe iwe kijani akaniangalia kama mganga, amekaa nayo miaka miwili hajui. Batri moja nimeikataa, imevimba, akapunguza bei. Difu kimya. Mota nimegusa nimehesabu mpaka nne.

Tumeenda nayo uwanjani jioni ile ile, kijana amependa mpaka akasahau kula. Madogo wa mtaa kama ishirini wamekusanyika, mmoja akajitolea kuwa wa kuinyanyua ikipinduka, amenyanyua mara kumi na moja, nilihesabu. Kuhusu mfereji, Uyole_4x4 umeshinda, imeingia haikutoka, tumeifuata kwa mguu.

Ule mteremko nao ameuruka. Mara ya tatu katua na tairi moja ya mbele kwenye kokoto. Wishboni ya kulia, katikati, vipande viwili. Nimebaki nacheka tu maana fundi alisema ni hiyo hiyo. Wishboni unazo fundi? Na kama naweza kukutumia gari nzima uikague na hiyo nakoli, naona kama imepinda.


FundiRimoti_Ipogolo:

Wishboni za mbele ninazo. Nakoli nayo ninayo. Weka kwenye boksi lije na basi la asubuhi, jaza magazeti pembeni, andika namba yangu juu kwa maka peni nitakutumia inboksi. Batri toa ubaki nayo, usinitumie na lipo ndani ya buti la basi.